Tuchague Washauri Wetu Bila Kuvunja Ujirani

Jambo kwenu wababa na wamama wa Malemba-Nkulu, ninyi wa Mulongo, wa Mwanza, wa Kayumba, na ninyi mlio kando ya Lualaba mnaotengeneza nyavu huku mkisikiliza. Jambo pia kwako wewe unayesoma maneno haya katika karatasi, kwa sababu pengine mawe ya redio yako yamekwisha, au siku ile ulikuwa shambani. Maneno ni yale yale. Uyasome kwa sauti, ili na jirani asikie.

Leo tuzungumze juu ya uchaguzi. Najua wengine watasema: "Uchaguzi tena? Si ulipita katika 2023?" Ndiyo, ulipita. Lakini leo sisemi juu ya kura ya Raisi wa Jamhuri, wala kura ya wabunge wanaokwenda Kinshasa. Nasema juu ya kura ndogo, kura ya kuwachagua washauri wa karibu, wale wa komini, wa sekta na wa sheferi. Kura hiyo watu wengi hawaijui, kwa sababu wengi wetu hatujaipiga hata mara moja.

Kwanza tujue habari yenyewe. Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema kwamba mji mkubwa, komini, sekta na sheferi vinajiongoza katika mambo yao, kwa mali yao na kwa viongozi wao. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaja kueleza namna. Kila komini, kila sekta na kila sheferi iwe na baraza la washauri. Washauri hao wachaguliwe na wananchi wenyewe, kwa miaka 5. Katika komini, washauri ndio wanaomchagua burgumestri. Katika sekta, wao ndio wanaomchagua shefu wa sekta. Katika sheferi ni namna nyingine: shefu anatoka katika desturi ya ukoo wake, hapigiwi kura. Lakini hata yeye hafanyi kazi peke yake. Baraza la washauri linakaa, linajadili mapato na matumizi, linauliza kodi ya soko imekwenda wapi.

Basi hiyo ndiyo sheria. Na matendo? Tulipiga kura katika 2006, tukapiga katika 2011, tukapiga katika 2018. Katika miaka hiyo yote kura ya washauri haikufanyika. Mara ya kwanza chini ya Katiba hii ilikuwa tarehe 20 Desemba 2023, na hata hapo ilifanyika tu katika komini za miji iliyo makao makuu ya majimbo. Kwetu Haut-Lomami ni Kamina. Watu wa Kamina waliwachagua washauri wao. Sisi wa Malemba-Nkulu, na wenzetu wa Bukama, wa Kabongo, wa Kaniama, tulimchagua Raisi na wabunge, tukarudi nyumbani. Washauri wa sheferi na wa sekta hatukuwachagua.

Wewe unayesikiliza utauliza: "Sasa mbona unatusumbua na kura ambayo haijatufikia?" Nitakujibu. Mtu hatengenezi paa siku mvua inaponyesha. Anatengeneza wakati wa jua. Siku kura hiyo itakapotangazwa kwetu, wagombea watakuwa wamekwisha kuja na ngoma, na masikio yatakuwa yamejaa kelele. Tuongee sasa, wakati kuna utulivu.

Iko sababu nyingine, na hiyo ndiyo kubwa. Kura ndogo inaweza kuumiza kuliko kura kubwa. Fikiri wewe mwenyewe. Ukimpigia kura Raisi, yule unayemkataa anakaa mbali. Hamkutani kisimani. Lakini katika kura ya washauri, yule unayemkataa ni shemeji yako. Ni mwalimu wa mtoto wako. Ni mtu aliyekukopesha nyavu mwaka jana. Unajua jina la mama yake, na yeye anajua lako. Atakaposhindwa, atapita mbele ya mlango wako kila asubuhi. Je, mtasalimiana?

Niseme jambo langu mwenyewe, hata kama ni la aibu. Katika mwaka 2006, wakati wa kura ya wabunge wa jimbo, tarehe 29 Oktoba, mimi nilikuwa na mgombea wangu, na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa na wake. Tulibishana mbele ya watu. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii ndugu yake. Tangu siku hiyo nikaacha kumsalimia. Akipita, nageuza uso. Katika nyumba yake kukawa na kilio, nami sikwenda. Nilituma mtoto na pesa kidogo, kama vile mtu anavyolipa deni.

Mvua ikaja, maji yakapanda, na binti yangu akashikwa na homa kali usiku. Hospitali iko ng'ambo ya mto. Mtumbwi wangu ulikuwa umepasuka. Mtumbwi mzima karibu na nyumba yetu ulikuwa wa nani? Wa ndugu yangu yule. Nilisimama mbele ya mlango wake katika giza, sijui nianze na neno gani. Mke wake ndiye aliyenisikia. Yeye akatoka, hakuniuliza kitu, akachukua kasia. Tulivuka tumenyamaza. Mtoto akapona. Na wale wabunge tuliogombana kwa ajili yao, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba usiku ule tulikuwa juu ya maji.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunza. Mbunge ana miaka 5. Jirani ni wa maisha yote.

Sasa twende nyuma zaidi, kwa sababu nchi yetu ya Katanga imekwisha kuonja jambo hili. Wazee wetu wanakumbuka, na vijana wanapaswa kujua. Kura ya kwanza ya washauri katika nchi hii ilipigwa wakati wa Wabelgiji, katika Desemba 1957, katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Leo tunaita Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, wa miaka 25 na zaidi. Wamama hawakuulizwa. Huko Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu alipata kuwa burgumestri wa komini ya Dendale, na miaka michache baadaye akawa Raisi wa kwanza wa nchi. Mnaona kwamba kura ndogo ni mlango wa mambo makubwa.

Huko Élisabethville kulikuwa na komini nne za Waafrika: Albert, Kenya, Katuba na Ruashi. Watu walipiga kura kwa amani. Lakini waliotoka kuwa maburgumestri walikuwa watu waliozaliwa nje ya Katanga, waliokuja kufanya kazi ya migodi na ya reli, au wana wao. Ilikuwa kosa? Hapana. Watu wao walikuwa wengi katika komini zile, na waliishi hapo miaka mingi. Lakini wengine wakaanza kusema: "Tazama, wageni wametula katika nchi yetu." Neno hilo likatembea kutoka nyumba hadi nyumba. Katika Oktoba 1958 kikaundwa chama cha Conakat, kilichosema kwamba Katanga iongozwe na wenyeji. Kisha wenyeji nao wakagawanyika: Baluba wa Katanga wakatoka wakasimama na Balubakat ya Jason Sendwe. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga na Kongo. Hapo vita ikaingia hata huku kwetu kaskazini, vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia porini na katika mabwawa. Katika 1961, makumi ya maelfu ya Baluba walijazana katika kambi kando ya Élisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Kujitenga kulikwisha katika Januari 1963. Waliokufa hawakurudi.

Sisemi kwamba kura ya washauri ndiyo iliyoleta hayo yote. Hapana. Kulikuwa na shaba, kulikuwa na Wabelgiji na makampuni, kulikuwa na tamaa ya wakubwa. Lakini ninyi mnajua moto wa porini unavyoanza. Majani makavu yalikuwa tayari, na cheche ilikuwa neno hili moja: "mwenyeji na mgeni." Watu hawakuuliza: "Burgumestri huyu atasafisha mifereji? Ataleta maji?" Waliuliza: "Huyu ni mtoto wa wapi?"

Na neno hilo halikufa. Katika 1992 na 1993 lilirudi. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala katika vituo vya reli wakingoja gari-moshi. Magari-moshi yale yalipita Kamina. Yalijaa wazee, wamama wenye mimba, watoto waliokuwa hawajapata kuiona Kasai hata siku moja. Wengi walikufa njiani kwa njaa na kwa magonjwa. Nani alipata faida? Wale waliofukuza hawakutajirika. Panzi wakipigana, kunguru anafurahi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku ile wagombea wa ushauri watakapokuja kwako, wasikilize vizuri. Mmoja atakuambia: "Nichague, kwa sababu mimi ni wa ukoo wako, na yule ni wa kuja." Mwingine atasema: "Nichague, kwa sababu soko letu halina choo, na nataka kuuliza kodi ya soko inakwenda wapi." Wote wawili wana haki ya kusema. Lakini wewe pima. Ukoo wako hauwezi kuchimba choo cha soko. Na choo kikichimbwa, kitatumiwa na wenyeji na wakuja.

Sasa nije kwa jambo la zawadi. Tunalijua sote. Mgombea anakuja na chumvi, na sabuni, na kitenge chenye picha yake. Wamama wanaimba, vijana wanakunywa, na jioni watu wanasema: "Huyu ni mtu mwema." Tufanye hesabu kidogo. Mshauri anakaa miaka 5. Mwaka una juma 52. Mara 5 ni juma 260. Chumvi uliyopewa itadumu juma ngapi? Mbili? Tatu? Basi umepika chumvi juma tatu, na umebaki juma 257 bila mtu wa kukusemea. Tena yule aliyenunua kura yako hana deni kwako. Alilipa. Ukienda kumwuliza habari za daraja lililovunjika, atakuambia ndani ya moyo wake: "Wewe nilikwisha kukulipa."

Na wizi wa kura haufichiki siku zote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, Tume ya Uchaguzi, ile tunayoiita CENI, ilifuta kura za wagombea 82 katika Januari 2024. Kati yao walikuwamo wakubwa wenye majina. Na katika Masimanimba na Yakoma uchaguzi wa wabunge ulifutwa wote, hata watu wakapiga kura upya katika Desemba 2024. Hasara hiyo ilimwangukia nani? Wananchi wa kule walikaa karibu mwaka mzima bila wabunge, hata wale waliopiga kura kwa haki.

Pengine mtauliza: wenzetu wa mbali wanafanya namna gani? Niwape mfano mmoja. Huko Uingereza, nchi imegawanywa katika wilaya, na wilaya ina baraza la washauri wanaokaa miaka 4. Kazi yao ni mambo ya karibu: kuondoa takataka, kuruhusu ujenzi wa nyumba, kutunza bustani za watu wote. Kura zinahesabiwa mbele ya wagombea na mashahidi wao. Kisha mkubwa wa uchaguzi anasoma hesabu ya kila mmoja, wakati wagombea, walioshinda na walioshindwa, wamesimama pamoja wanasikiliza. Na wawili wakipata kura sawasawa kabisa, sheria yao inasema kura ya bahati ipigwe. Karatasi inatolewa, na mmoja anakuwa mshauri. Yule mwingine anampa mkono, anakwenda nyumbani. Wanafanya hivyo si kwa sababu wao ni watu wema kuliko sisi. Nao wana ugomvi na matusi. Lakini wote walikubali njia kabla hawajajua nani atashinda. Hapo ndipo siri ilipo. Ukikubali njia kabla ya safari, hutagombana na njia kwa sababu imekuchosha.

Basi, tufanye nini? Naomba niseme na kila mmoja kwa zamu yake.

Kwako mpiga kura. Uulize mgombea maswali matatu, mbele ya watu. La kwanza: utafanya nini juu ya jambo moja la hapa kwetu, si mambo yote ya dunia, jambo moja? La pili: utarudi lini kutueleza? La tatu: ukishindwa, utampa mkono aliyekushinda? Kama anakasirika kwa swali la tatu, umekwisha kumjua.

Kwako mgombea. Uweke mashahidi wako katika nyumba ya kura, watu wanaojua kusoma na wenye subira. Kura zikihesabiwa, hesabu inaandikwa, shahidi wako ana haki ya kupata nakala, na karatasi ya hesabu inabandikwa nje ya nyumba ya kura ili kila mtu aone. Ukiona hesabu imepotoka, chukua nakala yako uende mahakamani, kwa siku zilizowekwa na sheria. Usiende kwa vijana wenye mapanga. Panga halijui kuhesabu kura.

Kwenu mashefu na wazee wa desturi. Katiba yenyewe inasema kwamba mamlaka ya desturi ina wajibu wa kuleta umoja. Watu wote wa nchi yako ni watoto wako, aliyekupendeza na asiyekupendeza, mwenye ardhi na yule aliyekuja jana kuvua samaki. Shefu akishika upande mmoja katika kura, siku ya ugomvi nani ataita watu chini ya mti? Tangu 1998 tumekuwa na vita, tumekuwa na Mai-Mai, tumeona watu wakilala katika visiwa na katika matete. Na vita ilipopungua, mara nyingi wa kwanza kuwaita vijana warudi nyumbani alikuwa mzee aliyekuwa hana upande. Msiuze nafasi hiyo.

Kwenu vijana. Ninyi mnaopakia mihogo na samaki juu ya kinga hadi mbali, mnajua jasho. Mgombea akikuita kumfukuza mwenzake kwa mawe, muulize mtoto wake yuko wapi. Kama mtoto wake yuko shuleni mjini, basi na wewe rudi kwenye kinga yako.

Kwenu wamama. Katika 1957 hamkuulizwa. Leo mna kura, na mna haki ya kugombea. Ninyi mnalipa kodi ya soko kila siku, mnajua kiasi kilichoombwa na kama karatasi yenye muhuri ilitolewa au haikutolewa. Katika baraza la washauri, nani anafaa kuuliza juu ya kodi hiyo kuliko yule anayeilipa? Msiogope. Na sisi wanaume, tusiwafungie mlango.

Ndugu wapenzi, wakati wetu umekwisha karibu. Kabla sijaondoka, nataka niwaombe kazi moja ndogo. Juma hili, kila mmoja wenu amfikirie mtu mmoja ambaye aliacha kumsalimia kwa sababu ya kura, iwe ya 2023, iwe ya 2018, iwe ya zamani. Usingoje mtoto wako ashikwe na homa usiku, kama mimi. Nenda mchana. Usianze na maneno ya siasa. Anza na "Jambo, habari ya nyumbani?" Kula naye bukari kama amekukaribisha. Basi, imetosha kwa siku ya kwanza.

Kwa maana kura ya washauri itatufikia siku moja. Na siku hiyo tutakuwa tunawachagua watu wa kukaa pamoja na kujadili mambo ya nchi yetu. Wasiosalimiana njiani watajadili nini katika baraza? Kidole kimoja hakivunji chawa. Lualaba inatupita sote, wa ukingo huu na wa ng'ambo, na mtu asiyekuwa na jirani mwenye mtumbwi havuki.

Ukimaliza karatasi hii, usiifungie karanga. Mpe mwingine asome. Mkae salama, na amani ikae katika nyumba zenu.